Alinidanganya Kwamba Anameza Dawa

Nina miaka hamsini na nne, mkulima wa alizeti hapa Ihanja, na ni mjane. Nawaandikia bila machozi... sijui yalikwenda wapi.

Mume wangu, Baba Neema, alianza kwa kwenda haja ndogo kila mara, na mkojo ukawa unatoka kwa matone. Alivumilia kwa aibu mpaka nikambembeleza twende hospitali Singida mjini. Daktari akasema tezi dume imevimba, lakini si saratani. Akampa vidonge vya kumeza kila siku, asiache hata akipata nafuu.

Vilimsaidia jamani! Akaweza tena kukaa ibada nzima bila kutoka nje.

Kisha mdogo wake akaja kututembelea kutoka Misigiri. Nilikuwa nasonga ugali, nikamsikia akisema, "Kaka, hivyo vidonge vinamaliza nguvu za kiume. Achana navyo!"

Baba Neema akacheka. Nami nikacheka. Ningejuaje kwamba mabadiliko aliyokwisha kuyaona chumbani yanamtesa moyoni?

Hakuniambia. Hakumwambia daktari. Kila asubuhi nilimpelekea maji, nikimuuliza anajibu, "Nimemeza, mke wangu." Kumbe anavitupa chooni!

Miezi ikapita. Miguu ikaanza kuvimba, chakula hakitaki. Nikadhani ni uchovu wa mavuno. Siku moja mkojo ukagoma kabisa. Tumbo likakaza, mtu mzima analia mbele ya wanawe... Tukakodi gari kumkimbiza mjini.

Wakamwekea mpira wa mkojo. Daktari, kijana wa rika la Neema wetu, akamwamkia shikamoo, kisha akamuuliza kama dawa alikuwa anameza. Akajibu anameza. Hata pale!

Daktari alipoondoka, akanishika mkono. "Mama Neema, niliziacha. Nilitaka nibaki mwanaume kwako."

Nilitoka, nikamfuata daktari nikamweleza. Akainamisha kichwa. "Mama, angesema tu. Tungembadilishia, dawa zipo nyingine."

Mkojo ulikuwa umerudi nyuma, figo zimeharibika. Walijitahidi... Tulimzika kabla ya mvua za kwanza.

Msibani shemeji yangu alilia kuliko wote. Mimi nilikaa mkekani, nikatazama watu wakiingia na kutoka. Wengine wakanong'ona kwamba sikumpenda mume wangu. Hadi leo napika, nalima, naitikia salamu. Ndani hakuna kitu.

Kinababa, nawasihi! Dawa ikikusumbua, usiiache kimyakimya. Rudi kwa aliyekuandikia, mweleze yote, hata ya chumbani. Usimsikilize ndugu wala jirani. Na mkeo mwambie. Jambo unaloliona aibu kubwa, huenda yeye halimsumbui hata kidogo.

Mimi wala halikunisumbua.