Bia Isiyolewesha ya Roswitha

"Ukiipika hiyo, usibandike jina letu kwenye chupa."

Mzee Heiner alisema hivyo bila kupandisha sauti, ameinama anaosha pipa, na binti yake Roswitha akajua hapo hakuna utani. Roswitha ndiye aliyekuwa mpishi wa kiwanda chao kidogo cha bia, katika kijiji cha mkoa wa Franken ambako kila ukoo una bia yake. Lakini mambo yalikuwa yamekaza. Ndani ya mwaka mmoja baa mbili zilizochukua bia yao zilifungwa, vijana walikuwa wanaagiza kahawa, na jirani yao mmoja mwenye kiwanda kama chao alikuwa ameshazima jiko. Roswitha aliomba tangi moja kati ya manne, apike bia isiyo na kilevi.

"Baba, watu hawajaacha kukaa pamoja. Wameacha kulewa tu."

"Watu gani? Au yule mmoja wa juu ya mapaa?"

Wa juu ya mapaa alikuwa Veit, fundi wa vigae, mpenzi wa Roswitha kwa mwaka wa pili. Zamani Veit alikuwa mlevi wa kuokotwa mitaroni. Sasa alikuwa na miaka mitatu hajagusa tone. Akija kumchukua Roswitha kazini hakuvuka kizingiti. Alisubiri uani, anakula mkate wake wa soseji, kwa sababu harufu ya kimea kinachochemka ilimwamshia kiu ya zamani.

Kesho yake mzee alimfuata Veit kazini, akamwita ashuke ngazi. Hakumtukana. Alimwambia kwa upole kwamba Roswitha anaizamisha kazi ya vizazi vitano kwa ajili ya mwanaume mmoja asiyeweza kunywa, na kama anampenda kweli, ajue la kufanya.

Jumatatu Veit hakuonekana. Ukaja ujumbe:

"Rosi, nimepata kazi Regensburg, paa la kanisa, ni ya muda mrefu. Usipike kwa ajili yangu. Sitaki niwe sababu ya kiwanda chenu kufa. Nisamehe."

Akajibu hapo hapo: "Nani kakwambia napika kwa ajili yako?"

Veit aliusoma, hakujibu.

Roswitha alilia siku mbili, ya tatu akawasha jiko. Kama ilikuwa hasira au mapenzi, mwenyewe hakujua. Pipa la kwanza lilinuka viazi vya jana. La pili lilikuwa tamu kama uji wa mtoto. La tatu, la nne, la tano, yote aliyamwaga, baba yake akipita pembeni. Shida ilikuwa hamira. Ya kwao ikiachwa ilikula sukari yote ya kimea ikaigeuza kilevi, ikizuiwa mapema iliacha utamu mtupu.

Miti ya plamu ilipochanua nyuma ya nyumba, alichuma maua, akayaloweka kwenye vichupa ishirini vya maji ya kimea, akasubiri hamira ya mwituni iamke. Kumi na tisa viliota ukungu. Kimoja kikatoa hamira yenye uvivu wa ajabu, iliyoonja sukari kidogo tu ikatosheka, ikaacha harufu ya tunda. Akapika kwa hamira hiyo, akaongeza hopsi, yale maua machungu ya bia, hadi utamu ukatulia.

Agosti, kwenye sikukuu ya kanisa, alipanga meza yake mbali na ya baba yake. Wazee wakamcheka, mmoja akamuuliza kama na soseji zake hazina nyama. Kisha akaja mjamzito mmoja, akaja dereva wa basi la wanakwaya, wakaja wake za wale wale waliocheka. Hadi saa kumi alasiri pipa lake lilikuwa limeisha. La mzee halijafika nusu.

Heiner alimfuata, akaomba glasi ya mwisho. Alikunywa taratibu mpaka chini.

"Nilidhani umepika soda," alisema. "Hii ni bia." Akaiweka glasi mezani. "Mwanangu, Veit hakukukimbia. Mimi ndiye niliyemwondoa."

Akamweleza yote. Roswitha hakufoka. Alimpa simu tu, akamwambia apige sasa hivi, mbele yake.

"Veit, ni Heiner. Nilikukosea. Binti yangu hazami. Pipa lake limeisha kabla ya langu. Ila amekonda."

"Mzee, yeye mwenyewe anataka nije?"

Roswitha akaichukua simu. "Njoo tugombane ana kwa ana."

Veit alifika kesho yake mchana, akasimama uani kama kawaida yake. Roswitha akamtokea na chupa mkononi.

"Sikuipika kwa ajili yako. Niliipika kwa sababu niliiamini. Lakini ukitaka kuonja, karibu."

Veit aliishika, akainusa. Akairudisha.

"Bado inanukia bia, Rosi. Naogopa. Labda sitaonja kazi yako maisha yangu yote. Utaweza kuishi na mtu kama huyo?"

Roswitha aliiweka chupa dirishani, nyuma yake, akamshika mikono yote miwili.

"Mimi naogopa urefu. Tangu tujuane sijapanda hata mara moja kuona paa ulilolimaliza. Najua tu kwamba mvua haiingii."

Veit alicheka, kisha akalia, kisha akaomba amuoe.

Walifunga ndoa Oktoba. Bwana harusi alikunywa maji ya tufaha, na hakuna aliyemuuliza kwa nini.