Damu ya Buluu

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare, Sihaba humsaidia mama yake kupara samaki wa kukaanga. Jumatatu hiyo kisu kiliteleza, kikamkata kidole cha shahada. Alikiosha, akakifunga kitambaa, akawahi mstarini katika shule yao ya msingi mjini Bagamoyo.

Darasa la Sita lilikuwa likifundishwa na Mwalimu Yunus, mwanachuo wa ualimu aliyekuja kwa mazoezi ya kufundisha. Alikuwa amekuja na projekta ya chuo na filamu fupi kuhusu moyo. Wanafunzi walikwisha kuitazama mara tatu, kwa kuwa Jumanne mkufunzi wake angekuja kumpima, na asiyefaulu hurudia mazoezi mwaka unaofuata. Hata majibu yalikuwa yamekaririwa.

"Nikiuliza swali, nyote nyoosheni mikono," Mwalimu Yunus alikumbusha. "Anayejua, wa kulia. Asiyejua, wa kushoto. Nitachagua wa kulia tu. Haya, damu inayorudi moyoni kutoka mwilini ina rangi gani?"

"Buluu!" wanafunzi sitini na wanane waliitikia.

Wa sitini na tisa, Sihaba, alisimama. "Samahani, mwalimu. Leo nimejikata, na damu iliyotoka ni nyekundu."

"Hiyo ya samaki changu, si yako!" Kulwa alidakia kutoka dawati la nyuma. Darasa likacheka.

"Filamu imetengenezwa na wataalamu," alisema Mwalimu Yunus. "Swali lako tutalijibu mkufunzi akishaondoka."

"Basi kesho sitanyoosha mkono wowote, mwalimu."

Walipotoka, Dija, rafiki wa Sihaba, alimvuta pembeni. "Shoga, nyoosha wa kushoto yaishe. Nani atakuuliza?"

"Mkufunzi hajui kanuni yetu. Akiuona mkono wangu, ataamini ninajua."

"Na Mwalimu Yunus akifeli?"

"Ndiyo maana nimemwambia leo. Ana siku nzima ya kufikiri."

Jumanne mkufunzi, Bi Adila, aliketi nyuma ya darasa na fomu yake. Filamu ilionyeshwa ukutani bila kusita. Swali likaulizwa. Mikono ikapanda, isipokuwa ya mtu mmoja.

"Wewe binti wa dirishani," Bi Adila alisema, "huna mikono?"

"Ninayo miwili, mwalimu. Sijaelewa, na humu asiyeelewa naye hunyoosha."

"Hunyooshaje?"

Sihaba alimtazama Mwalimu Yunus.

"Wa kushoto," Mwalimu Yunus alijibu mwenyewe. "Mimi ndiye niliyewafundisha hivyo."

Bi Adila aliweka kalamu chini. "Binti, umekwama wapi?"

"Kwenye buluu."

"Mwalimu, irudishe filamu. Isimamishe hapo alipokwama."

Kwa mara zote nne, kitufe cha kusimamisha hakikuwahi kuguswa. Picha ilipotulia, Sihaba alikwenda ukutani, akaweka kidole chenye kitambaa juu ya mshipa wa buluu. Mwalimu Yunus alikitazama kile kitambaa.

"Damu ni nyekundu," alisema. "Hii inayorudi moyoni ni nyekundu iliyokoza. Mchoraji ameipaka buluu ili tuitofautishe na ile inayotoka moyoni kwenda mwilini. Nililijua hilo, nikawaacha mkariri uongo kwa kuogopa kuisimamisha filamu nikaulizwa nisiyoyajua."

Mikono ilipanda tena, kulia na kushoto bila mpango, nayo ilikuwa na maswali kumi na moja. Mawili yalimshinda mwalimu, akakiri.

Bi Adila hakutoa alama siku hiyo. Alirudi wiki iliyofuata bila taarifa, akakuta filamu ya mapafu imesimamishwa katikati na darasa likibishana. Akamfaulisha Mwalimu Yunus, kisha akawageukia wanafunzi.

"Mashine hii itaendelea kuzungumza hata darasa zima likilala," alisema. "Haiwezi kujua nani amepotea. Mwalimu anaweza, mkimwambia kweli. Mkono wa uongo humnyima mwalimu kazi yake, na huwanyima ninyi somo. Sihaba alikataa kuunyoosha, na siku hiyo ndipo Mwalimu Yunus alipoanza kufundisha."