Kilomita Zilizobaki

Siku tatu mfululizo Osmund alikikuta kikokotoo kimelowa. Siku ya kwanza alilaumu bati. Ya pili alimlaumu paka, ingawa hajaonekana bado paka anayekojoa maji yanayonuka usipa wabichi, wale dagaa wa ziwani. Siku ya tatu alikifungia kabatini, kwenye karakana yake ya redio pale Mbinga mjini, ufunguo akalala nao mfukoni. Asubuhi alipofungua, kabati lilimmwagia maji miguuni. Na ziwa liko kule chini, nyuma ya milima yote ile! Alifuta kwa tambara, hakumwambia mtu.

Alikuwa na sababu ya kunyamaza. Kikokotoo kile cha zamani, kizito kama kipande cha sabuni ya mche, chenye tarakimu nyekundu zinazowaka, kilikuwa cha kaka yake Hyasinti, mpima ardhi, aliyezama ziwani mbele ya kijiji cha Kihagara miaka miwili nyuma akipima ufuko. Mwili haukuonekana. Ukoo ukafanya kama ifanywavyo: ukakatwa mgomba, ukavishwa shati na suruali yake, ukazikwa na kuliliwa kama mtu. Mama yao, Mama Tadea, aliagiza kila chombo alichofanyia kazi marehemu kiingie kaburini, kisibaki kitu cha kumwita arudi. Osmund aliingiza utepe wa kupimia, buti na kofia. Kikokotoo akakitia ndani ya koti.

"Vyote vimeingia?" mama aliuliza.

"Vyote, mama," alijibu, rozari mkononi.

Siku za mwizi ni arobaini, husemwa. Za anayemwibia marehemu hakuna aliyezihesabu.

Kisha ufundi ukamwasha mikono. Alikifungua, akakitia kipokezi cha setelaiti alichokitoa kwenye simu mbovu. Kikawa kinaonyesha mwelekeo na kilomita zilizobaki hadi uendako, na kila kilomita ikiisha kinalia: ti. Kumbukumbu yake ilibeba sehemu mbili tu. Ya kwanza aliweka mlango wa nyumba yake. Ya pili, kiwanja cha ndege cha nyasi jirani na Kihagara, kwa wakwe zake, ambako mkewe Vitalia alikuwa amekwenda kujifungua mtoto wa kwanza kwa mama yake.

Asubuhi ileile ya kabati simu ikalia. Vitalia alikuwa na uchungu siku ya pili, mtoto hatoki, na mvua imekata barabara. Ikatafutwa ndege ndogo ya kukodi, ikamfuate na kumkimbiza hospitali. Osmund akapanda, kikokotoo mfukoni, roho mkononi.

Juu ya milima ya Umatengo waliingia katika wingu zito. Kioo cha ramani cha ndege kikazimika. Rubani Nathanieli alikigonga kwa kidole, kisha kwa ngumi.

"Tunarudi," alisema. "Sishuki milimani kwa kubahatisha."

"Kapteni, mke wangu anakufa kule." Osmund akatoa kikokotoo. "Hiki kinasoma setelaiti. Zimebaki ishirini na mbili."

"Kalkuleta ya babu?"

"Tazama mwenyewe."

Nathanieli alitazama. Labda angekuwa hana mke angerudi. Alifuata.

Ti. Ishirini na moja. Ti. Ishirini. Zilipobaki kumi na mbili Osmund alisikia harufu ya usipa, kidogo kwanza, halafu nyingi, kama kwamba mtu amefungua gunia nyuma yao. Zilipobaki saba vitufe vilianza kujibonyeza, kimoja baada ya kingine, bila kidole, na chini ya kioo, nyuma ya tarakimu nyekundu, kukawa na maji yanayoyumba kila ndege ilipoyumba. Wakatoka katika wingu, wakakuta hakuna kiwanja, hakuna miti, hakuna nchi kavu, ni maji matupu mbele na pembeni, na ndege ilikuwa inashuka, Nathanieli akivuta usukani kwa mikono yote miwili na kumwita Bikira Maria kwa sauti ya chini, lakini pua ya ndege ikazidi kuinamia mahali pamoja penye weusi, na kwenye kiti cha nyuma, ambacho kilikuwa kitupu tangu walipopanda, mtu alikuwa akipumua kwa kukoroma kama aliyemeza maji, huku nguo zake zikidondoka tone, tone, tone.

"Osmund," ile pumzi ikasema. Sauti ilikuwa ya Hyasinti. "Nipe changu."

Hakugeuka. Kioo kilisoma moja.

"Kaka, nisamehe," alinong'ona, machozi yanamtoka. Akasukuma kidirisha cha pembeni, akakitupa kikokotoo nje. Aliiona tarakimu nyekundu ikianguka, ikamezwa na maji. Hapohapo ndege ikainuka, na nyuma yao ufuko ukaonekana.

Jioni ile hospitalini, kwa kisu cha daktari, Oliva alizaliwa. Mama na mtoto wote wazima.

Baada ya wiki mbili Mama Tadea alikuja Mbinga kumwona mjukuu. Osmund alimwamkia, akapiga magoti, akasema yote. Alitegemea kugombezwa. Mama hakumgombeza.

"Sauti ilikuitaje?"

"Osmund."

"Hyasinti alikuita Osmund lini? Tangu mnachunga mbuzi alikuita Fundi." Mama alitoa rozari. "Aliyekuwa analowesha kabati lako ndiye kaka yako, mwanangu. Alikuwa anakulilia ukizike kabla mwingine hajakipata. Yule wa ndegeni ni jini aliyemchukua. Kile kidude kina kazi gani?"

"Kinaonyesha njia, mama. Nilikiwekea kiwanja cha Kihagara, na..."

Akageuka kuutazama mlango wa nyumba yake. Simu ikaita. Alikuwa mama yake Vitalia.

"Mkwe, hamjambo huko? Mjukuu anaendeleaje? Huku kuna maajabu. Juzi mtu ametoka ziwani, amelowa chapachapa, mkononi ana kitu kinawaka chekundu. Watu wamemsalimu, hakuitika. Hakuuliza njia. Ameshika barabara ya kupanda huko kwenu."

Osmund alishusha simu. Ilikuwa saa sita mchana, jua kali. Mama Tadea alikwisha kusimama, rozari mkononi, midomo inacheza bila sauti. Chumbani Vitalia alikuwa anamwogesha mtoto akimwimbia. Harufu ya usipa iliingia polepole, na chini ya mlango wa mbele ukapita mchirizi mwembamba wa maji, ukakata sebule, ukaelekea chumbani.

Nje, kizingitini, kitu kikalia: ti.

"Baba Oliva," Vitalia aliita kutoka chumbani, "kuna mgeni mlangoni. Mbona humfungulii?"