Jiwe Lililofunguliwa Mgongo

"Hili si jiwe letu."

Dada Mkubwa aliyasema hayo akiwa amesimama dirishani, pete ameishika kwa ncha za vidole viwili kama mtu aliyeokota unywele kwenye mchuzi. Alikuwa mkuu wa shule ya wasichana, na miaka ishirini ya kuwabaini waliovunja vioo ilikuwa imempa sauti ambayo haikuhitaji kupanda ili mtu atetemeke.

Fundi aliinua uso kutoka kwenye meza yake ya kazi. Alikuwa sonara, binti wa sonara, na mtaa mzima ulimwita Fundi tangu alipoanza kukalia kiti cha baba yake.

"Ni lenyewe, dada."

"La mama ni yakuti, ni jekundu. Jekundu lililoiva. Hili je? Maji ya kuoshea nyama?"

Na Fundi mwenyewe jambo lilikuwa limemshinda. Pete ile Mama, mama yake Dada Mkubwa, aliivaa miaka thelathini na minane. Mwanawe wa kiume wa mwisho, Mfamasia, alipomleta Fundi nyumbani na kusema huyu ndiye, Mama aliivua papo hapo. "Mpe mwenzio," alimwambia mwanawe. "Aitengeneze apendavyo, kazi yenyewe ni yake."

Fundi aliipokea kwa mikono miwili, akalia machozi ya furaha. Ilikuwa pete ya mtindo wa zamani: jiwe limezamishwa ndani ya ukuta wa dhahabu, uso tu ndio ulionekana, na mgongo umezibwa kwa kibati. Yeye alitaka mtindo wanaoutaka maharusi wa sasa, jiwe liinuliwe juu na kushikwa na kucha nne nyembamba, chini wazi, mwanga upite. Akaukata ukuta, akakibandua kibati. Ndani mlikuwa na ungaunga wa rangi ya matofali. Akadhani ni sabuni na unga wa jikoni wa miaka yote hiyo, akausugua kwa brashi na maji, akayamwaga. Alipolikausha jiwe, akalisogeza kwenye taa. Lilikuwa limepauka.

Alikuwa amepanga kumuuliza baba yake jioni. Dada Mkubwa akamwahi saa tisa, amefuatana na Mfamasia, kuja kuichukua pete ili Jumamosi Mama amvike mbele ya familia.

Mfamasia alikuwa bado amesimama mlangoni.

"Sema kitu," Fundi alimwambia.

"Mpenzi, hapo mezani kwako kuna mawe mengi. Hayawezi kuwa yamechanganyika?"

"Umeuliza au umehukumu?"

"Nimeuliza tu."

"Wewe unawapa watu dawa kutwa nzima. Umewahi kumpa mgonjwa wa moyo vidonge vya minyoo?"

Mfamasia aliangalia viatu vyake.

"Mimi sijamwita mtu mwizi," Dada Mkubwa alisema, na jinsi alivyolitamka neno hilo ilikuwa sawa na kumwita. "Nasema jiwe la mama lipatikane. Likifika Jumamosi halijapatikana, hakuna pete, hakuna mchumba." Akaiweka pete mezani, akatoka. Mfamasia alisitasita kidogo, kisha akamfuata dada yake.

Baba yake Fundi aliishi chumba cha nyuma. Mikono yake ilikuwa imeanza kutetemeka, ndiyo sababu akaacha kazi, ila macho yalikuwa mazima. Aliiweka lenzi jichoni akaizungusha pete mara moja tu.

"Mgongo ulikuwa umezibwa?"

"Ndiyo, baba."

"Na ndani?"

"Uchafu mwekundu. Nikauosha."

Mzee alicheka, kisha akaacha alipouona uso wa binti yake.

"Haukuwa uchafu, mwanangu. Ni karatasi ya kung'aa iliyopakwa rangi, imezeeka ikawa vumbi. Enzi zetu ndio ulikuwa mtindo. Jiwe likiwa jepesi la rangi unalilaza juu ya karatasi nyekundu, unaziba, mwanga ukiingia unarudi na wekundu. Mimi mwenyewe nimefanya nyingi. Ukaja mtindo wa maua, jiwe kubwa katikati na madogo yamelizunguka, tukaacha kuziba. Zikaja kucha. Kucha hazifichi kitu."

"Kwa hiyo si yakuti."

"Ni jiwe zuri, lakini yakuti si yenyewe. Ningekwambia kabla hujakata, kama ungeniuliza."

"Sikukuuliza. Nilijiona naijua kazi."

"Unaijua. Nilikuwa hivyohivyo nikiwa na umri wako." Akamshika bega. "Tuitie karatasi nyingine, tuzibe kama mwanzo. Kesho kutwa litakuwa jekundu, maneno yataisha."

"Wataona nilibanwa ndipo nikalirudisha la kwao."

"Basi waambie ukweli."

Hapo ndipo Fundi alipokwama. Marehemu baba yake Mfamasia alikuwa maarufu kwa yakuti ile. Mfamasia alishamsimulia mara kadhaa: kila shughuli, marehemu alikuwa akiuinua mkono wa mkewe mbele ya wageni na kusema, "Tazameni nilichompa huyu." Leo yeye, ambaye hata ndoa hajafunga, akamwambie mjane kwamba yakuti haikuwa yakuti? Ajisafishe kwa kumchafua marehemu?

"Siwezi, baba."

Mzee alimtazama, hakumlazimisha. Fundi alimshukuru kimoyomoyo kwa kumwacha aamue.

Asubuhi ujumbe ukaingia kwenye simu.

"Samahani kwa jana. Nilibabaika."

Fundi akajibu: "Hukubabaika. Ulinitilia shaka."

"Basi niambie kilichotokea."

"Siwezi."

"Kwa nini?"

"Si jambo langu peke yangu."

Simu ikaita. Sauti ya Mfamasia ilikuwa ya mtu ambaye hakulala vizuri.

"Kama kuna neno la kukusafisha na hulisemi, unataka mimi nifanye nini?"

"Uniamini bila hilo neno."

Fundi alimsikia mteja huko duka la dawa akiulizia dawa ya kikohozi, akasikia Mfamasia akimwambia asubiri kidogo.

"Sawa," alisema hatimaye.

"Sawa nini?"

"Nakuamini. Nimechelewa siku moja, na hiyo siku utanidai uchumba mzima. Ila nakuamini. Jumamosi nakaa upande wako wa meza."

Fundi alijikaza asilie, akashindwa.

"Asante," alisema.

"Usinishukuru. Nilipaswa kuyasema jana, dada akiwa palepale."

Jumamosi mchana sebule ya Mama ilikuwa imefagiliwa, makochi yamesogezwa ukutani, na vikombe vya wageni vimetolewa kabatini. Dada Mkubwa alikaa karibu na mama yake. Mfamasia alivuta kiti, akakiweka ubavuni mwa Fundi, akamshika mkono mbele ya wote. Dada Mkubwa aliliona hilo, akakunja uso.

"Shikamoo, Mama," Fundi alisema.

"Marahaba, mwanangu. Nasikia kuna shauri."

Fundi alikuwa ameyapanga maneno tangu alfajiri.

"Mama, jiwe nimeliharibu mimi. Nililipitisha kwenye moto mkali mno, rangi ikatoka. Siku ile nilishindwa kusema kwa aibu. Naomba unisamehe."

Mfamasia aligeuka kumtazama, lakini mkono hakuuachia.

"Juzi lilikuwa lenyewe," Dada Mkubwa alisema. "Leo limeungua. Kesho utasema limeota miguu."

"Wewe ngoja," Mama alimwambia binti yake. "Nipe pete."

Aliipokea, akavaa miwani, akaigeuza juu chini. Alitazama zile kucha nne, akatazama chini yake palipokuwa wazi.

"Mgongo uliukata?"

"Ndiyo, Mama."

"Ukakuta nini ndani?"

Fundi aliinamia mkono wake ulioshikwa na Mfamasia.

"Uchafu tu, Mama. Wa kawaida."

"Wa rangi gani?"

Mama alimtazama juu ya miwani, kisha mabega yake yakaanza kutikisika. Watoto wake wakadhani analia. Kumbe anacheka, na alicheka mpaka akavua miwani kujifuta macho.

"Mwekundu," alisema. "Ulikuwa mwekundu, na wewe unajua ulikuwa nini, na umekuja hapa kubeba lawama ili mimi nisijue. Hakuna moto ulioligusa hili jiwe, mwanangu. Lilikuwa hivi tangu zamani."

"Mama, unasema nini?" Dada Mkubwa aliuliza.

"Nasema baba yenu hakuwa na uwezo wa yakuti. Alinunua alichoweza, sonara akamtilia karatasi nyekundu kwa nyuma. Tulipomaliza mwaka wa pili wa ndoa alishindwa kuendelea kunificha, akaniambia, akalia kama mtoto. Mimi nikamwambia nyamaza, mume wangu, mbona inanipendeza. Kuanzia siku ile ikawa utani wetu. Kila alipouinua mkono wangu mbele za watu na kusema yakuti, alikuwa akinibana kidole, na mimi najibana nisicheke. Ninyi mlidhani anajisifu."

Dada Mkubwa aliegemea kochi. Tangu Fundi amjue, ndiyo kwanza akamwona hana swali.

"Sasa kwa nini hukumwambia Fundi ulipompa pete?" Mfamasia aliuliza.

"Nilidhani ataipunguza tu imtoshe kidole. Mitindo yenu ya kufungua mawe mgongo ningeijulia wapi? Na nilipoambiwa kuna shida ya jiwe, nilijua. Nikasema ngoja nione atakuja na maneno gani. Nilitazamia atakuja kujitetea, na haki alikuwa nayo." Akamgeukia Fundi, na kicheko kilikuwa kimekwisha. "Hukujitetea. Ulikuwa radhi uitwe mwizi na kuukosa uchumba, kuliko kumvunjia heshima mtu ambaye hukuwahi hata kumwona. Asante, mwanangu. Sina neno kubwa kuliko hilo."

Fundi alilia bila kujificha. Yale mawazo ya siku tatu yalimtoka yote kwa pamoja, na Mfamasia akamwachia bega lake alilie hapo.

Mama alinyanyuka akaenda na pete hadi dirishani, akaiinua ipigwe na mwanga. Jiwe lilikuwa na upinki mdogo sana, kama kucha za mtoto mchanga.

"Kumbe ndiyo rangi yake," alisema taratibu. "Miaka thelathini na minane nimeivaa, sijawahi kuiona. Yeye aliiona siku aliyoinunua, mimi sikuwahi. Mmemleta binti wa watu hapa mkimtaka arudishe jiwe langu, na amenirudishia kweli."

Dada Mkubwa alivuka sebule. Alipiga magoti mbele ya kiti cha Fundi, mkuu wa shule mzima, sketi yake iliyopigwa pasi ikisugua sakafu.

"Wifi, nimekukosea. Nilikuhukumu kabla ya kukuuliza."

"Inuka, dada. Na mimi nilikata kabla ya kuuliza."

"Sote tumejifunza kuuliza," Mama alisema. "Haya, huyu mtoto avikwe pete kabla chai haijapoa. Au mnataka kuirudisha kwenye mtindo wa zamani?"

"Wewe unaonaje, Mama?" Fundi aliuliza.

"Mvaaji ni wewe."

"Basi ibaki wazi."

Mama akamvika. Ilimkaa sawasawa.

Arusi ilifanyika miezi mitatu baadaye, ukumbini, mchana kweupe. Mgeni mmoja wa kike aliyekuwa ameketi meza ya mbele aliukamata mkono wa bibi arusi, akaugeuza huku na huku na kusema kwa sauti kwamba ile yakuti ya marehemu, mbona leo imefifia, au wamemwekea bandia. Meza za jirani zikageuka kutazama.

Dada Mkubwa ndiye aliyesimama. Alitumia ile sauti yake ya paredi, isiyohitaji kipaza sauti.

"Si yakuti, na haijawahi kuwa," alisema. "Baba yetu aliinunua wakati hana kitu, mama yetu akajua, na akaivaa mpaka alipopata wa kumwachia. Ukimaliza kuitazama, mrudishie wifi yangu mkono wake."