Aliyepita Kati ya Slaidi

Fuatino, mwalimu wa shule ya kijiji, aliweka mpito wa sekunde mbili kati ya slaidi, lakini picha ya makaburi ya ufukweni ilichukua dakika nzima kufifia.

"Kompyuta ya msaada, programu huria, ulitegemea nini, shemeji?" Tavita, mdogo wa marehemu mumewe, alimtania huku akichomeka waya wa projekta iliyoelekezwa kwenye shuka jeupe lililotundikwa. "Ukifika slaidi ya tatu wazee watakuwa wanakoroma."

Fuatino hakucheka. Asubuhi ile alikuwa ameifuta mipito yote, na bado picha zilififia. Kila zilipofifia, nyumba ya mkutano ilinuka udongo mbichi.

Kuahirisha hakuwezekani. Bahari ilibakiza hatua chache kuyafikia makaburi saba, la mumewe likiwa la mbele kabisa, na leo wazee wangeamua kama yahamishiwe nyuma ya shule.

Wazee waliketi, kila mmoja akiegemea nguzo yake kama ilivyo desturi, na kwa kuwa nyumba haikuwa na kuta, mikeka ya pembeni ikateremshwa kuzuia mwanga. Fuatino akabonyeza. Makaburi yakaanza kufifia, kichaka cha nyuma ya shule kikaanza kujitokeza, na katikati yake mtu mrefu akavuka kutoka picha moja kwenda nyingine, bila haraka, wima, shingo juu, na mpito ulipokwisha alikuwa kichakani, amewapa mgongo.

"Amepita mbele yetu bila kuinama," mzee Leuta alinong'ona. "Hata mtoto mdogo huinama. Wafu wetu wana adabu, mwalimu. Huyo si wetu."

"Kaburi la saba tulilikuta pale," alisema Bibi Salaevalu, mganga. "Hakuna anayejua ni la nani. Mkiyahamisha, hata moja tu, naye anakuja."

Slaidi iliyofuata ilikuwa ya wanafunzi, na mstari wa mbele alikaa Lupe, binti yake Fuatino. Hakuna aliyebonyeza kitu, lakini kichaka kilianza kufifia.

Tavita akachomoa waya. Picha ikabaki kwenye shuka.

"Bibi, nifanyeje?" Fuatino aliuliza.

"Mrudishe alikotoka. Ila ukimrudisha, makaburi hayahami. Hata la mumeo."

Nyuso za watoto zilishaanza kuonekana.

"Hayahami," Fuatino alisema, akabonyeza mshale wa nyuma.

Programu ile ikirudi nyuma huruka tu, haina mpito. Safari hii ilififia, polepole kuliko mwanzo, na yule mtu, ambaye mkono wake ulikuwa tayari karibu na bega la Lupe, akasita, akageuka, akarudi hatua kwa hatua huku udongo ukinuka mpaka wazee wakaziba pua, na hakuna aliyethubutu kupumua hadi makaburi yalipotulia kwenye shuka, pasipo mtu yeyote kati yake.

Mwezi wa pili baada ya mkutano, mawimbi yalichukua makaburi sita. La mumewe lilitangulia, na Fuatino na Lupe walisimama ufukweni wakalia hadi sauti zikawakauka.

La saba bado lipo. Maji hulifikia, yakagawanyika, yakapita pembeni.