Glavu Iliyofumba Macho

Vidole vya Bi Tausi vilikuwa vikiunganisha bunduki, ingawa mwenyewe hakuwahi kushika silaha maishani mwake.

Alivaa jozi ya glavu-kumbukumbu, nyembamba kama ganda la kitunguu, iliyofumwa kwa nyuzi zinazovuta misuli. Ndani yake ulihifadhiwa mwendo wa mikono ya Mzee Ngulumbi, fundi wa silaha mstaafu. Kila nyumba ya Ifakara iliyopakana na hifadhi ilikuwa ipewe bunduki ya usingizi, ya kuwalaza tembo bila kuwaua, nayo ilifika ikiwa vipande. Springi zake ndizo zilizowashinda watu. Zilikuwa ndogo kama punje za mchele, na zikibanwa vibaya ziliruka zikapotea. Ndiyo maana Mhandisi Semeni, aliyeibuni glavu ile, alimfunika mama yake, Bi Tausi, pamoja na meza kwa chandarua.

"Naonekana kama bibi harusi," Bi Tausi alisema.

"Bibi harusi mwenye bunduki! Bwana harusi atatimua mbio."

"Atimue tu. Ona, mwanangu! Imeingia yenyewe!"

Springi ya usalama ilizama mahali pake, kidole gumba kikaibana, pini ikapita. Semeni alifurahi mpaka machozi yakamlenga. Jumamosi glavu zingegawiwa. Mashamba yasingeliwa tena, wala tembo kuuawa. Alipiga magoti, akaingiza kichwa chandaruani akague kazi.

Mikono haikutulia. Iliiweka bunduki kando, ikanyooka, ikaushika uso wa Semeni. Kiganja kiliteremka taratibu kutoka kwenye paji la uso, kikamfumba macho. Mkono wa pili ukainua kidevu chake, ukamfunga kinywa.

Semeni alijinasua. "Mama! Unafanya nini?"

"Si mimi! Semeni, si mimi! Nivue!"

Semeni alizizima glavu. Alikijua kipande kile cha rekodi. Ofisini walikiita mwendo wa ziada, na hakuna aliyekielewa.

Bi Tausi alizivua glavu, akaiangalia mikono yake. Yeye ndiye aliyekuwa mwosha maiti wa mtaa. "Hivi ndivyo tunavyomfumba marehemu kabla hajapoa," alisema. "Na mikono ilipima uso mdogo kuliko wako. Aliyefumbwa alikuwa mdogo, Semeni. Alikuwa mtoto."

Semeni alimpigia simu Mzee Ngulumbi, akawasha spika ili mama yake asikie.

"Shikamoo, mzee. Ukimaliza kuunganisha, mikono yako hufanya nini?"

"Bado inafanya? Wallahi sikujua, binti yangu." Kisha akaeleza kwa shida. Zamani, nyumbani kwake, alipokuwa akiunganisha bunduki ya risasi, springi ya usalama iliruka. Aliitafuta, akachoka, akaifunga bunduki bila hiyo. Ilifyatuka yenyewe. Mwanawe Hamidu alikuwa amesimama mbele ya mtutu.

"Ikate hiyo," alisema. "Usiwatishe watu."

Semeni aligusa kitufe. Mwendo ule ukafutika katika kila glavu.

"Imefutika, mzee."

"Ahsante. Na kwangu, je, itafutika?"

Semeni alimsogezea mama yake simu. Bi Tausi aliipokea.

"Mzee mwenzangu, mimi ni mwosha maiti. Leo nimeivaa mikono yako. Haikuwa na haraka, wala haikumkwaruza mtoto. Ulimfumba vizuri."

Upande wa pili, kwa mara ya kwanza tangu siku ile, mzee alilia kwa sauti.