Polishi Aliyoileta Idarusi

Kitambaa kilitoka na bluu.

Gari yenyewe ilikuwa nyeupe... nyeupe pepepe. Lakini kitambaa mkononi mwa Nzomo kilikuwa na doa la bluu, na pale alipokuwa anasugua, chini ya taa ya mbele upande wa kushoto, palikuwa na bluu nyingine imejitokeza.

Akasugua tena. Ikapanuka, ikawa upana wa sahani ya chai.

Akakaa chini hapo hapo, kwenye maji ya sabuni.

Jamani, msiniharakishe. Hii stori imenikaa kifuani mwezi mzima. Nzomo ni baba yangu mzazi, ana miaka themanini na moja sasa. Haya yalitokea mtaa wa Ziwani, Nairobi, mwaka wa 1981, mimi sijazaliwa bado. Alinisimulia mwenyewe huku analia, na nitawapa vile alivyonipa, siongezi chumvi.

Siku za wiki Nzomo alikuwa karani kwenye ghala moja huko Industrial Area. Jumamosi alikuwa anaosha na kung'arisha magari ya watu pale kwenye mfereji wa maji wa mtaa. Alikuwa na mkono mzuri, huyo mzee. Watu walikuwa wanatoka mpaka Donholm kumletea.

Na alikuwa na desturi moja ambayo wenzake waliicheka. Polishi yoyote mpya, kabla haijagusa boneti, lazima aijaribu mahali pasipoonekana. Chini kabisa ya taa ya kushoto. "Dawa usiyoijua huwezi kuanza kupaka usoni," alikuwa anawaambia.

Sasa turudi nyuma miaka miwili ndio mnielewe.

Oktoba 1979, jioni. Mtoto wake Nthoki, miaka minane, anatoka mazoezi ya kwaya kanisani. Akagongwa na gari. Mama mmoja wa Mathare aitwaye Mbeti, aliyekuwa anatembeza mboga, aliona kwa mbali... Peugeot ya bluu. Akatupa kikapu, akakimbia mtaani kuita watu.

Waliporudi hawakukuta gari. Hawakukuta mtoto. Kiatu kimoja tu, hapo kando ya barabara.

Nthoki walimpata hospitali, ameshafariki. Mlinzi wa geti akawaambia kuna mwanaume alikuja naye kwa miguu, amembeba mikononi, akasema amemwokota barabarani. Kabla hajaulizwa jina, akapotea.

Tangu hapo Nzomo alikuwa na sala mbili, kila Jumapili bila kukosa.

Ya kwanza, Mungu ambariki yule msamaria aliyembeba mwanangu.

Ya pili, Mungu nionyeshe mwenye Peugeot ya bluu... na ukishanionyesha, usinizuie mkono.

Miezi mitatu baada ya mazishi akaja mteja mgeni na Peugeot nyeupe. Idarusi, mtu wa Mombasa, fundi wa kushona suti huko mjini. Mpole, sauti ya chini. Gari haikuwa hata na vumbi, lakini akataka ioshwe. Jumamosi iliyofuata akarudi. Karibu miaka miwili hajakosa hata moja.

Akawa anabaki, wanakunywa chai. Wakati mama yangu Mukai alikuwa hawezi kuinuka kitandani kwa huzuni, ni Idarusi aliyekuwa anamletea mahamri ya mkewe Muhiba.

"Shemeji, kula hata moja. Muhiba ataniuliza."

Na mama alikula. Hata kucheka, mara ya kwanza tangu msiba, alichekeshwa na yeye. Baba anasema hana ndugu wa tumbo moja aliyempenda vile.

Kitu kimoja tu kilikuwa cha ajabu. Mtaa mzima ulimwita Baba Nthoki, hata baada ya kuzika. Idarusi hakuwahi kulitamka hilo jina. Yeye ni Bwana Nzomo, Bwana Nzomo. Baba alidhani ni adabu, hataki kumtonesha kidonda.

Basi Jumamosi hiyo Idarusi akaja na mkebe mkononi.

"Jaribu hii leo, Bwana Nzomo."

"Ya wapi hii? Sijawahi kuiona."

"Imetoka juzi tu. Wanaisifu sana."

"Mbona ina mchanga mchanga hivi? Hii si itakwaruza?"

"We jaribu tu."

Baba akapiga magoti chini ya taa ya kushoto, kama kawaida yake... na hapo ndipo nilipoanzia.

Alisugua akiwa amekaa kwenye maji. Kando ya ile bluu, weupe ulipotoka, pakatokea rojo gumu la kijivu, lile mafundi hujazia mahali palipobonyea. Mbele. Kushoto. Usawa wa paja la mtoto wa miaka minane.

Akainua macho. Idarusi alikuwa ameketi kwenye kigoda, anamwangalia. Hakuwa ameshangaa hata kidogo.

"Idarusi. Hii gari uliinunua ikiwa nyeupe?"

Idarusi akaiangalia ile bluu.

"Nakuuliza wewe."

"Haikuwa nyeupe."

"Ulibadilisha rangi lini?"

"Novemba ile," akasema. "Wiki mbili baada ya... wiki mbili baada yake."

Kulikuwa na jeki ya chuma hapo kando. Baba anasema anakumbuka ubaridi wake mkononi, hakumbuki kuiokota.

"Na hii polishi? Ulijua itatoa rangi?"

"Nilijua. Fundi aliyeipaka gari rangi alinikataza nisiguse polishi ya mchanga kama hii, akasema inakula rangi. Nikaenda nikaitafuta." Machozi yalikuwa yanamtoka, wala hapangusi. "Niliulizia mpaka nikajua ni mtoto wako. Kila Jumamosi nilikuja hapa kukwambia. Kila Jumamosi mdomo ukakataa. Najua wewe huanzia hapo chini. Nikasema basi, uone mwenyewe."

Jeki ikapanda juu. Idarusi hakukwepa, hakuinua mkono.

"Piga," akasema. "Lakini ujue jambo moja kwanza. Hakuwa peke yake."

"Nani hakuwa peke yake?"

"Mtoto. Alikuwa anapumua, Bwana Nzomo. Nilimtia kwenye gari, nikaiegesha mbali na hospitali, nikambeba mpaka getini. Aliniomba nisimwambie mama yake kwamba amepoteza kiatu. Mlinzi alipogeuka kumwita nesi... nikakimbia. Niliogopa watu wataniua. Niliogopa jela. Nilikimbia, sina neno lingine la kukupa."

Mmeelewa, wasomaji wangu? Yule aliyekuwa anamlaani na yule aliyekuwa anamwombea baraka, Jumapili baada ya Jumapili, walikuwa mtu mmoja. Na huyo mtu alikuwa na kikombe chake kabisa pale nyumbani kwetu.

Jeki ilibaki hewani. Baba hakujua ampige yupi.

Kumbe mama alikuwa amesimama mlangoni na birika. Amesikia yote.

Hakupiga nduru. Aliweka birika chini, akaja mpaka mbele ya Idarusi. Siku hiyo hakumwita shemeji.

"Ulimbeba vipi?"

"Mama, nisamehe..."

"Sikuulizi hayo. Nionyeshe. Ulimbeba vipi?"

Idarusi akasimama. Akanyoosha mikono yote miwili, mitupu, akaikunja kidogo kama mtu aliyepokea kitu kizito.

"Kichwa kilikuwa upande gani?"

"Huu. Wa moyo."

"Alikuwa analia?"

"Hapana. Alisema anasikia baridi. Nikamfunika na koti langu."

Mama akaiangalia ile mikono. Muda mrefu. Halafu akaweka kiganja chake pale kwenye mkono wa kushoto, pale kichwa kilipokuwa kimelala, akakiacha hapo mpaka baba akashindwa kutazama, akageuka.

"Sasa nenda ukaseme kituoni," mama akamwambia. "Na hapa kwangu usirudi tena."

Akaenda. Kwa miguu, gari akaiacha kando ya mfereji. Alisema yote, akafungwa. Alipotoka alirudi kwao pwani, na hawakuonana naye tena maisha yao.

Nilimwuliza baba, "Ulimsamehe?"



"Yule wa barabarani nilimsamehe siku ile ile," akasema. "Aliogopa. Hata mimi pengine ningeogopa. Aliyenishinda ni yule aliyekuwa anakunywa chai na mimi."

Ndugu yangu unayesoma hii kwa simu yako, kama kuna neno zito unamficha mtu, kamwambie leo, kabla hajaanza kukupenda. Idarusi angesema siku ya kwanza aliyokuja Ziwani, baba angemchukia mgeni, basi, yangeisha. Alingoja miaka miwili. Baba akazika mtoto, halafu akaja kumzika pia rafiki ambaye bado yuko hai, na kwa huyo wa pili hakuna jirani aliyekuja kumpa pole.